Namna ya kuchambua mnada na mchezo wa briji baada ya karata kufunuliwa

Mkataba, yaani ahadi ya mwisho ya mnada, ulikuwa 3 bila turufu (mizunguko 6 na 3 zaidi, bila rangi yoyote inayozishinda nyingine), pande zote hatarini (bonasi na hasara huwa kubwa zaidi), mashindano ya timu. Nilihitaji mizunguko 9, nikala 8. Kwenye meza ya pili, mchezaji aliyekaa kiti kama changu na kushika karata zilezile alikula 9. Sisi tukaandikiwa 100 za hasara, wao wakapata 600. Tofauti ya 700 ni IMP 12, zile alama za mashindano ya timu zinazotokana na tofauti ya pointi kati ya meza mbili. Mwenzangu alifunua karata zote mezani, akaweka kidole juu ya malkia wa uru, akasema: "Alikuwa hapa muda wote, ndugu yangu. Ungefanya finesi tu."

Kuhusu malkia alisema kweli. Kuhusu uamuzi wangu alikosea, na nilikaa hadi usiku wa manane nikiandika hesabu ili niweze kumwonyesha. Kazi ya usiku ule ndiyo iliyonifundisha njia ninayoieleza hapa. Msingi wake ni kwamba uamuzi unapimwa kwa yale uliyoyajua ulipokuwa unauamua. Yaliyofunuka baadaye hayahesabiki.

Maneno machache kwanza

Majina ya rangi nne ninayotumia ni yale ya zamani yaliyotoka kwenye Kireno: shupaza, kopa, uru na pau. Turufu nalo limetoka hukohuko. A ni ree, K ni mfalme, Q ni malkia, J ni ghulamu. Karata nne zinazotolewa kwa zamu ni mzunguko mmoja, na mwenye karata kubwa ndiye anayeula. Karata za mwenza wa mwenye mkataba, zile zinazolazwa wazi mezani, ni dami. Finesi ni kucheza kuelekea ree na malkia, au ree na ghulamu, ukitumaini kwamba karata kubwa inayokosekana iko kwa adui anayecheza kabla ya mkono huo.

Hatua ya 1: Andika kabla hujasahau

Andika usiku uleule. Usiandike karata zako peke yake. Andika mikono yote minne, mnada wote pamoja na pasi zake, nani alikuwa mgawaji, nani alikuwa hatarini, karata ya kuanzia, na mizunguko mitatu au minne ya mwanzo kwa mpangilio wake. Andika pia kama mlikuwa mnacheza timu au jozi, kwa sababu uamuzi ulio sahihi kwenye timu unaweza kuwa kosa kwenye jozi.

Mkono wenyewe ulikuwa huu:

Kaskazini (dami): shupaza 7 4 2, kopa A Q J 10, uru K 9 6 3, pau 8 5.

Kusini (mimi): shupaza A 6, kopa 9 8 4, uru A J 10 7 5, pau A K 6.

Magharibi: shupaza K Q J 9 5, kopa 7 3 2, uru 4, pau J 9 7 4.

Mashariki: shupaza 10 8 3, kopa K 6 5, uru Q 8 2, pau Q 10 3 2.

Nilifungua 1 bila turufu, yaani pointi 15 hadi 17 za karata kubwa. Mwenzangu akauliza kwa 2 pau, lile dau la Stayman, kama nina kopa nne au shupaza nne. Nikajibu 2 uru kwamba sina. Akafunga kwa 3 bila turufu. Maadui walitoa pasi mwanzo hadi mwisho. Magharibi alianza na mfalme wa shupaza.

Hatua ya 2: Funika

Sasa chukua karatasi nyingine ufunike Mashariki na Magharibi. Ukitaka kuchambua mnada, funika na Kaskazini, ubaki na karata zako 13 tu. Hatua hii inaonekana ya kitoto, na ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu. Jicho likishamwona malkia wa uru ameketi Mashariki, akili haiwezi tena kujifanya haijui. Utaanza kutunga sababu za kwa nini "ilikuwa wazi" kwamba yuko pale.

Ukiona huwezi kusahau, mwombe mtu asiyekuwepo akufikirie. Mpe karata zako na mnada hadi pale ulipokwama, umuulize: "Wewe ungefanya nini?" Usimwambie matokeo. Usimwambie hata kwamba kuna jambo lilitokea. Ukimuuliza, "Je, nilikosea kutofanya finesi?" umeshampa jibu mdomoni.

Hatua ya 3: Mnada, dau kwa dau

Harold Vanderbilt alipopanga alama za mchezo huu mwaka 1925, akiwa safarini melini kupitia Mfereji wa Panama, aliweka jambo moja lililobadilisha kila kitu: bonasi ya gemu (mkataba mkubwa kama 3 bila turufu au 4 kopa) unaipata tu kama uliitaja kwenye mnada. Ukila mizunguko 10 ukiwa umetaja 3 kopa, bonasi ya gemu huna. Kwa hiyo kila dau lina bei, na bei inahesabika.

Tuseme mko hatarini kwenye timu, na swali ni kusimama 3 kopa au kwenda 4 kopa. Mkienda na mkafanikiwa, mnapata 620. Wale waliosimama 3 na kula 10 wanapata 170. Faida ni 450, sawa na IMP 10. Mkienda na kukosa mzunguko mmoja, mnapoteza 100 wakati wenzenu wanapata 140. Hasara ni 240, sawa na IMP 6. Unahatarisha 6 ili upate 10, kwa hiyo gemu inakulipa ikiwa ina nafasi ya asilimia 37.5 au zaidi. Kama hamko hatarini, hesabu ni 420 dhidi ya 170, IMP 6 za faida. Na 50 za hasara dhidi ya 140, IMP 5 za hasara. Hapo unahitaji zaidi ya asilimia 45.

Itazame namba ya kwanza vizuri. Gemu yenye asilimia 40 ukiwa hatarini ni dau sahihi, na itaanguka mara 6 katika 10. Yaani mara nyingi zaidi utaangukia pua huku ukiwa umeamua vema! Mchezaji asiyelijua hili ataacha kutaja gemu hizo baada ya mwezi mmoja, na atakuwa anavuja IMP bila kujua zinatokea wapi. Kwenye mashindano ya jozi hesabu si hiyo. Kule unalinganishwa na kila meza kwa kuwashinda au kushindwa tu, bila kujali ukubwa wa tofauti, hivyo taja gemu ikiwa na nafasi inayozidi nusu.

Utajuaje asilimia ya gemu wakati hukuona karata za mwenzako? Hapa kuna kazi ya mikono ninayoipenda sana. Toa kwenye pakiti karata zako 13 uziweke pembeni. Changa 39 zilizobaki, ugawe mikono mitatu. Kama mkono wa mwenzako haulingani na alichokisema kwenye mnada, changa tena. Ukilingana, angalia kama gemu ingepita kwa mchezo wa kawaida, uandike ndiyo au hapana. Fanya hivyo mara 20. Ukishika zako 13, mwenzako anaweza kushika mikono 8,122,425,444 tofauti. Ule mmoja aliokuwa nao jana ni ushahidi mdogo mno wa kukulaumu au kukusifu. Mara 20 nazo ni chache, lakini zitakuonyesha kama upo karibu na asilimia 30 au karibu na 60, na mara nyingi hicho ndicho unachohitaji kujua.

Kwenye mnada wetu hapakuwa na mzozo. Kwa hesabu ya 4, 3, 2, 1 ya ree, mfalme, malkia na ghulamu, iliyoenezwa na Charles Goren, nilikuwa na 16 na dami 10, jumla 26 kati ya 40. Pointi 25 ndizo kipimo cha kawaida cha 3 bila turufu, na juu ya hapo tulikuwa na uru tisa. Uchambuzi wa mnada ukionyesha hakuna kosa, andika hivyo na uendelee. Usilazimishe.

Kabla hujaondoka kwenye mnada, jiulize swali moja zaidi: tofauti yetu ilikuwa ya uamuzi, au ya makubaliano? Kama wewe ulidhani dau fulani linamlazimisha mwenzako aendelee na yeye akadhani anaweza kutoa pasi, hakuna aliyeamua vibaya. Mnakosa mstari mmoja kwenye makubaliano yenu. Uandikeni.

Hatua ya 4: Mchezo wa mwenye mkataba

Hii ndiyo sehemu yenye utajiri, na huanza kabla dami haijatoa karata yake ya kwanza. Hesabu mizunguko ya uhakika. Kwangu ilikuwa ree ya shupaza, ree ya kopa, ree na mfalme wa uru, ree na mfalme wa pau: 6. Nilikosa 3. Zingeweza kutoka sehemu mbili. Malkia wa uru akipatikana, uru zinatoa 5 badala ya 2. Mfalme wa kopa akiwa Magharibi, nikimpitishia 9 yangu na kurudia, kopa zinatoa 4 badala ya 1. Sehemu yoyote kati ya hizo ingenitosha peke yake.

Kisha tazama hatari. Maadui walikuwa na shupaza 8. Nikishatoa ree yangu na kisha nikawapa nafasi ya kuingia, wangezikomba. Kwa hiyo uamuzi wa kwanza ulikuwa: nile mfalme wa shupaza mara moja au niuache? Niliuacha upite, nikala mzunguko wa pili. Kama shupaza zimegawanyika 6 na 2, jambo linalotokea asilimia 17 ya mara, Mashariki angebaki hana shupaza ya kumrudishia mwenzake. Kuziacha hakukunigharimu chochote, hata wangehamia pau, kwa sababu kule nilikuwa na vizuizi viwili, ree na mfalme. Uamuzi mdogo kama huu haujadiliwi na mtu baada ya mchezo, na ni kosa kuuruka kwenye uchambuzi.

Sasa njia zenyewe. Ziandike zote, hata usizozipenda, na uweke asilimia mbele ya kila moja. Karata 4 za uru zilizo kwa maadui hugawanyika 2 na 2 kwa asilimia 40.7, 3 na 1 kwa 49.7, na 4 na 0 kwa 9.6.

Njia ya kwanza ni ile ya meza ya pili: cheza mfalme wa uru, kisha finesi ya ghulamu. Inafaulu malkia akiwa Mashariki, au akiwa peke yake Magharibi. Karibu asilimia 56.

Njia ya pili ni kwenda moja kwa moja kwenye kopa. Asilimia 50.

Njia ya tatu ni kucheza mfalme na ree ya uru, bila finesi, ukitazama kama malkia ataanguka. Zikigawanyika 2 na 2 lazima aanguke. Zikigawanyika 3 na 1, robo ya mara yule mmoja ndiye malkia, yaani asilimia 12.4. Jumla 53.1. Lakini asipoanguka bado hujapoteza mzunguko wowote, na uko mkononi mwako Kusini, tayari kupitisha 9 ya kopa. Nusu ya ile 46.9 iliyobaki inaokolewa na kopa. Jumla inapita kidogo asilimia 76.

Tofauti ya asilimia 20 haiondolewi na kidole kilichowekwa juu ya malkia. Ukitazama uru peke yake, finesi na kuangusha vinakaribiana sana, na mchezaji anaweza kuchagua lolote bila aibu. Kinachoamua ni kilicho nje ya uru: finesi ikishindwa, mchezo umekwisha palepale, kuangusha kukishindwa, kopa bado ziko hai. Tena angalia nani anaingia. Finesi ya uru ikishindwa anaingia Magharibi, mwenye shupaza zilizojaa. Finesi ya kopa ikishindwa anaingia Mashariki, ambaye huenda hana shupaza. Hata bila kujua asilimia hata moja, mtu anayejiuliza "nikikosea hapa, je, nitapata nafasi nyingine?" angefika kwenye njia ya tatu.

Nilicheza hivyo. Mfalme wa uru, Magharibi akatoa 4 na Mashariki 2. Uru kutoka kwa dami, Mashariki akatoa 8, nikaweka ree, Magharibi akatupa pau. Nikapitisha 9 ya kopa, Mashariki akala kwa mfalme, akarudisha 10 ya shupaza, na Magharibi akamaliza kazi. Mara moja katika nne hivi, njia hii hufa. Usiku ule ulikuwa ndio mmoja.

Hatua ya 5: Ulinzi

Ulinzi ni mgumu zaidi kuuchambua kwa sababu ni wa watu wawili wasiooneana karata. Anza na karata ya kuanzia: kwa mnada ule, ungeianzisha tena? Magharibi hapa hakuwa na shaka. Mfululizo wa K Q J kwenye rangi ndefu dhidi ya bila turufu hauhitaji mjadala. Baada ya hapo tafuta mzunguko ambao mlinzi alikuwa tayari amepata habari za kutosha kuhesabu mkono wa mwenye mkataba, umuulize kama alihesabu. Mimi nilionyesha pointi 15 hadi 17 kwenye mnada. Mashariki mwenye 7, akiona 10 za dami, anajua kwamba Magharibi amebakiwa na 6 hadi 8. Mfalme wa shupaza, akiwa na malkia na ghulamu nyuma yake, anamaliza 6 kati ya hizo. Kwa hiyo hakuna cha kutafuta kwa mwenzake kwenye pau. Anarudisha shupaza bila kusita.

Hatua ya 6: Kompyuta, na mipaka yake

Siku hizi kuna programu zinazokuambia papo hapo kila mkataba una mizunguko mingapi. Bo Haglund aliandika moja inayotumika ndani ya programu nyingi nyingine. Zitumie, lakini elewa zinajibu swali gani. Zinacheza zikiona karata zote 52. Kwa mkono wetu programu itasema 3 bila turufu inapita, kwa sababu inamwona malkia Mashariki na kumfanyia finesi bila wasiwasi. Itakuandikia kosa pale ulipocheza vizuri, na mtu aliyecheza njia ya asilimia 56 itamwachia apite akiwa msafi.

Faida yake kubwa iko kwingine: kukagua ulichodhani hakiwezekani, na kukusaidia kwenye ile kazi ya kugawa mikono mingi. Ikigawa mikono 1,000 inayolingana na mnada, wastani wake unaanza kuwa na maana ambayo jibu la mkono mmoja halina.

Hatua ya 7: Ongea na mwenzako, kwa wakati wake

Usichambue mezani. Kwenye mashindano ya timu kuna mikono mingi mbele, na mwenza aliyelaumiwa hucheza mitatu inayofuata akiwa bado kwenye ule uliopita. Mkikaa baadaye, anza na uamuzi wako mwenyewe, na uulize maswali yanayoanza na "ulikuwa unajua nini pale?" badala ya "kwa nini ulifanya vile?"

Weka daftari. Kwa kila mkono andika neno moja la aina ya kosa: hesabu, makubaliano, uchovu, maarifa, au hakuna. Baada ya mikono 50 utaona neno linalojirudia. Langu lilikuwa "uchovu", na karibu yote yalitokea robo ya mwisho ya kikao. Kwa hilo hapakuwa na cha kusoma. Nilianza kula kitu na kunywa maji katikati ya mashindano.

Mimi na mwenzangu tulikaa wiki iliyofuata. Nilimpa mikono miwili tu, wangu na wa dami, nikaficha mingine. Alifikiria dakika tano, akasema, "Mfalme, ree, kisha kopa." Kisha akanyamaza, akatabasamu, na akaniuliza swali zuri kuliko yote niliyoulizwa kuhusu mkono ule: je, kama dami ingekuwa na uru tatu badala ya nne?

Lifanyie kazi na wewe. Mpe dami uru K 9 6 na pau 8 5 3. Sasa maadui wana uru 5, ambazo hugawanyika 3 na 2 kwa asilimia 67.8 na 4 na 1 kwa 28.3. Malkia anaanguka chini ya mfalme na ree akiwa katika zile mbili, au akiwa peke yake: 27.1 na 5.7, karibu 33. Kuangusha kumekuwa dhaifu sana, na uru zikitazamwa peke yake finesi ndiyo bora, karibu 53. Lakini ongeza nusu ya 67 inayobaki kwa kopa, na njia ileile ya tatu inafika 66.